Mistari Aliyoipanda Mama

Harufu ya tope la mpunga ikichanganyika na dawa ya kuchua, hiyo ndiyo masika kwangu. Wengine wanaikumbuka mvua ya kijijini kwetu Mofu kwa kambale na maboga. Mimi naikumbuka kwa mama akihangaika kufunga kitenge kiunoni kwa mikono isiyotulia. Mikono yake ilitetemeka mwaka mzima, lakini mvua ikishaanza, maumivu nayo yalimjaa kwenye viwiko na vidole, hata chai tukawa tunammiminia nusu kikombe. Majirani walimtania, "Wewe dada, mikono hiyo ingefaa kupeta tu!" Alicheka nao. Tukifika nyumbani hacheki.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, aligoma kubaki nyumbani. Tulikuwa tunapandikiza miche ya mpunga kwenye jaruba letu, mimi na yeye tu. Alipanda mistari mitano tu kwa siku tatu nzima, akisimama kila mara kuubana mkono kwapani na kuulaani. Mistari ilipinda, jamani, ilipinda! Nilijua mche usioshikwa vizuri na tope huelea maji yakijaa, na nilijua pia wapitao kwenye tuta wangesema nini. Niliona aibu. Siku ya nne, maumivu yalipomlaza kitandani, nikaenda peke yangu, nikaing'oa mistari yote mitano, nikaipanda upya kwa kufuata kamba. Nilirudi najisifu moyoni.

Haikupita wiki miche ile ikawa ya njano, kisha ikalala. Yote. Mizizi niliikata mwenyewe wakati wa kung'oa. Mama alisimama kwenye tuta, mvua inamnyeshea, akaitazama kamba niliyoisahau pale. "Ilikuwa imeshika," alisema. "Ile niliipanda mimi." Afadhali angenichapa. Hakurudi tena shambani masika yale, wala yaliyofuata, na mimi sikumwomba msamaha. Nilimnunia, eti kwa nini hakunishukuru. Mpaka anafariki sikumwomba.

Sasa naishi mjini, Lipangalala, kwenye nyumba ya bati na sakafu ya saruji. Vidonge ninavyo, zahanati iko karibu, mambo ambayo mama hakuyapata. Lakini masika yakiingia mikono yangu inatetemeka vilevile, na vidole vinauma kama vyake. Nachukia. Nachukia vifungo, nachukia ufunguo, nachukia kijiko. Jana nilichambua mchele saa nzima, chuya mojamoja, nauma meno. Nilipomaliza nikajiona na mimi mtu. Muda si mrefu nikasikia ungo jikoni: binti yangu anauchambua upya, polepole, ili nisisikie. Nikasimama mlangoni. "Huo nimeshauchambua mimi," nikamwambia.

"Najua, mama," akanijibu kwa upole, mikono yake imetulia kabisa, akaendelea.