Gari la Baba Mkwe na Kidonda cha Mama

Baba mkwe wangu alikuwa na jibu la kila kitu, na karibu majibu yote yalikuwa ya kijinga. Alipochoka kutandaza nyaya kwenye nyumba za watu hapa Kyela, aliamua kuunda gari. Fremu aliichomelea mwenyewe uani kwake Ndandalo, injini akaitoa kwenye gari dogo lililogongwa, bodi akaikunja kwa mabati. Likawa na sura ya friji iliyolazwa chali. Wanaume wa kijiweni walilisifu mpaka koo zikawakauka, kwa sababu chai walikuwa wakinunuliwa na yeye.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Bondeni. Ungedhani angeniuliza. Lakini kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akitokea, unakimbia au unajifunika; humsemeshi, wala hukalii anapokalia yeye. Wapo walioiacha mila hiyo. Yeye hakuiacha, maana ilimfaa sana: ilimwepusha kusikia ukweli.

Lingekuwa gari tu, ningecheka nikaenda zangu. Ila mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguuni alikuwa na kidonda kilichotakiwa kusafishwa na kufungwa upya hospitali mjini kila mara. Mzee akatangaza mbele za watu kwamba mkewe hapandi tena bodaboda, ataingia hospitali kwa gari la mumewe. Mama akatii. Nilimletea pikipiki mpaka mlangoni, akakataa kupanda.

"Mwanangu, nikipanda nitakuwa nimemtukana."

Basi mguu ukakaa ndani, unasubiri heshima ya mwanamume. Mume wangu, dereva wa malori, alikuwa safarini. Akaniambia kwenye simu tusimkasirishe baba. Ukoo mzima ulikuwa hodari wa kutomkasirisha baba.

Na gari lenyewe lilikuwa kituko. Ukikanyaga breki, indiketa zinawaka. Ukipiga honi, taa za mbele zinafifia. Ukiwasha taa, injini inakata. Fyuzi zilipoungua, mzee alichomeka kipande cha waya wa shaba mahali pake, moshi ukatoka chini ya dashibodi, akasema ni vumbi. Kisha, kwa akili zake za umeme wa nyumba, akaamua kwamba gari linakosa ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, akaning'iniza mnyororo nyuma uburuzike ardhini. Mnyororo! Nilimtuma mama amwambie kwamba umeme wa gari hauna shida na udongo, unachotaka ni kurudi kwenye betri. Jibu likaja upesi: "Mwambie apike."

Siku mzee alipokwenda msibani niliingia uani na testa yangu ya kupimia umeme. Kiti cha dereva kilikuwa chake, nisingeweza kukikalia. Mama mwenyewe angeshtuka. Nikamwomba akae yeye. Akajikongoja kwa fimbo, akapanda, mguu mbovu akaunyoosha nje ya mlango, na kwa mguu mzima akawa anakanyaga breki kila nilipomwambia.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga. Imewaka?"

"Imewaka isiyotakiwa."

Akacheka. Nilikuwa nimelala chini ya gari, na harufu ya kidonda ikanifikia hukohuko. Nilimchukia mzee kwa moyo wangu wote.

Ubovu haukunisumbua kuupata. Kwa kuogopa kutu ya mvua zetu, alikuwa ameipaka fremu nzima rangi ya boti, ile nzito wanayotumia wavuvi wa Matema, tabaka juu ya tabaka, ndipo akafunga nyaya za kurudisha umeme juu ya rangi hiyohiyo. Chuma kikifunikwa namna hiyo umeme haupiti. Ukikosa njia ya kurudi, unajipenyeza kwenye taa ya jirani, ndiyo maana breki iliwasha indiketa. Nikafungua bolti moja baada ya nyingine, nikakwangua kwa kisu na msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza upya. Shaba yake nikaing'oa, nikaweka fyuzi za kweli. Mnyororo niliutupa kwenye mikakao ya nyuma ya nyumba.

Mama akakanyaga. Ikawaka taa ya breki, peke yake.

"Ndaga fijo, mwanangu," alinishukuru, akanifuta grisi shavuni kwa ncha ya khanga.

Tukasikia sauti ya mzee barabarani. Nikakimbilia kwenye mikakao, nikachuchumaa huko kama mwizi, nikamsikia akiliwasha mbele ya wenzake aliotoka nao msibani.

"Mnaona? Nilisema litatulia lenyewe."

Alipoona rangi imekwanguliwa, akalaumu mbuzi. Mbuzi wenye spana! Na badala ya kumpakia mkewe akawapakia wao, wakaenda kulitembeza mjini mpaka mafuta yakaisha. Mama alifikishwa hospitali kwa gari hilo kesho yake. Walimkata vidole vya mguu.

Nilipokwenda kumwona, nilibaki nje ya dirisha la wodi, kwa kuwa mzee alikuwa ndani na wageni. Alikuwa akiwaeleza kwamba bila gari lake mguu wote ungekwenda. Wageni wakaitikia kwa heshima. Ndipo nikasikia sauti ya mama, ndogo lakini imenyooka.

"Aliyelitengeneza yuko dirishani. Mpisheni aingie."

Mzee asingeweza kubaki humo nami nikiingia. Nilijifunika kitenge, nikageukia ukuta, nikasikia viatu vyake vikitoka. Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nimengoja miaka kumwona akitolewa mahali na mila ileile aliyokuwa akijificha nyuma yake. Nikaingia huku natabasamu, nikakaa ukingoni mwa kitanda, na mama akaniambia nimfunulie mguu, kuna mahali panamuwasha.

Nikainua shuka. Juu ya bandeji, kwenye kifundo, ngozi ilikuwa imeanza kuoza na kuwa nyeusi.