Mpira Niliouficha Columbus

Watu walikuwa wananikumbatia, wananipiga picha, wananiita bingwa. Mimi mkono mmoja nimeuzamisha kwenye mfuko wa jaketi, nimefinya mpira mdogo wa gofu mpaka kiganja kinauma.

Huo mpira ukionekana, ushindi kwisha. Kazi kwisha. Na Marekani pia kwisha.

Ilikuwa Aprili 2016, mjini Columbus. Naitwa Jeptoo, na wakati huo nilikuwa kocha wa gofu ya wasichana katika chuo kimoja kidogo huko Buffalo. Usicheke. Najua mkisikia Mkalenjin yuko chuo Marekani mnangoja aseme anakimbia. Mimi sikimbii, hata basi likiniacha naliacha liende.

Baba yangu alikuwa kedi Kericho, mbeba mabegi ya wachezaji kwenye klabu ya mabwana wa majani chai. Nilijifunza gofu kwa fimbo walizozitupa. Kwenye kila mpira wangu baba alitia nukta tatu za kijani, kama majani mawili na chipukizi.

"Ukiona hizi, jua ni wako," alikuwa akiniambia. "Wa mtu usiguse."

Gofu ndiyo iliyonileta Louisville kusoma bure. Nikamaliza 2013, nikapata kazi ya kocha msaidizi kwenye chuo kimoja Columbus. Huko ndiko nilikokutana na Mama Gahanna.

Jina lake silitaji, sitaki kesi. Alikuwa Mzungu, bosi wangu, na Gahanna ndiko alikoishi, kwenye nyumba yenye gereji ya magari matatu. Mimi nilipanga chumba mtaa wa Linden, mvua ikinyesha natega sufuria.

Miaka miwili huyo mama alinipeleka mbio. Jeptoo endesha gari la timu. Jeptoo osha mipira. Jeptoo beba mabegi ya wasichana wenye mikono miwili mizima kama yangu.

Siku moja nikamuuliza, mbona ni mimi tu?

"Si ulituambia baba yako alikuwa mbeba mabegi?" akanijibu mbele ya timu nzima. "Basi iko kwenye damu."

Wasichana wakacheka. Aki ya nani, siku hiyo nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote.

Mwaka 2015 Buffalo wakanichukua niwe kocha mkuu. Siku ya kuaga, Mama Gahanna hata safari njema hakusema.

"Utarudi hapa kwa magoti," ndiyo aliyosema.

Nikasema moyoni, haya, tutaonana.

Kufika Buffalo, mkuu wa michezo akanipa sharti kabla sijavua koti. Nilete kombe la kanda mwaka huo huo, la sivyo timu inavunjwa. Timu ikivunjwa sina kazi, na kibali changu cha kuishi kilikuwa kimefungwa kwenye hiyo kazi kama mbuzi kwenye kigingi.

Gofu ya chuo iko hivi. Wanacheza wasichana watano, na anayepiga mikwaju michache ndiye bora. Zinahesabiwa kadi za alama za wanne walio bora. Ya tano inatupwa.

Nyota wangu alikuwa Nzigire, msichana wa Kikongo kutoka mtaa wa Black Rock hapo hapo Buffalo. Baba yake, mzee Hyacinthe, alikuwa akikata nyasi kwenye uwanja wetu wa mazoezi, na mtoto alijifunzia papo hapo nyuma ya mashine. Alikuwa akiupiga mpira mpaka unaona huruma.

Wa tano alikuwa Kananu.

Wazazi wake Wameru, yeye mwenyewe kazaliwa Buffalo. Ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza. Mpole, mzito, mikono inamtetemeka. Msimu mzima kadi yake haikuhesabiwa hata siku moja.

Nami sikumwacha apumue. Nilimtukana kwa Kiswahili ili Wazungu wasielewe, na nilidhani hata yeye Kiswahili chake kinaishia kwenye jambo na chapati.

"Hata ng'ombe wa kwenu angeupiga mbali kuliko wewe!" nilikuwa nikimwambia huku natabasamu, watu wadhani namtia moyo.

Halafu nikaanza kumbebesha mabegi ya wenzake. "Beba, angalau tuone faida yako."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mimi, binti ya kedi.

Jambo lingine. Mipira yote ya timu niliitia nukta tatu za kijani, heshima kwa baba. Kananu aliwahi kuniuliza, kwa hicho Kiingereza chake cha upole, kama si afadhali kila mchezaji awe na alama yake. Nikamwambia alama ya kwetu haijadiliwi.

Aprili ikafika, na mashindano ya kanda yakapangwa wapi? Columbus, kwenye uwanja wa Mama Gahanna.

Alinipokea mlangoni. "Oh, Jeptoo! Umekuja kubeba nini leo?"

"Kombe," nikamwambia.

Siku ya mwisho ilipokwisha tulikuwa tumemshinda kwa mikwaju minne. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nzigire, peke yake, alikuwa amepiga 71.

Akaja mbio akanipa mpira wake, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Kocha, chukua hii balle. Njo ilitupatia kombe."

Nikaupokea. Nukta tatu, sawa. Nikaugeuza, nikaona namba iliyochapwa na kiwanda.

Tatu.

Mipira ya Nzigire yote ilikuwa namba moja. Namba tatu nilimpa Kananu, aliyekuwa kwenye kundi la mbele, na aliyepoteza mpira kwenye majani marefu ya shimo la kumi na saba.

"Nzigire, kule kumi na saba mpira wako uliingia majanini?"

"Ndiyo, iliingia mu majani, lakini niliipata mbio. Niliona alama tatu, nikasema bon, njo yangu."

Maskini mtoto. Alikuwa amepiga mpira wa mwenzake mpaka mwisho, na sheria ya gofu haina huruma. Ukipiga mpira usio wako na usirekebishe kabla ya shimo linalofuata, kadi yako yote inafutwa.

Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la nukta zangu.

Nikautia mpira mfukoni. Nikamwambia, "Hongera mwanangu, nenda kapige picha."

Kugeuka, Kananu huyo nyuma yangu, begi bega hili na begi bega lile. Alikuwa ameona kila kitu.

Akaniambia kwa Kiingereza kwamba ule mpira ni wake.

"Funga mdomo," nikamwambia. "Kadi yako haijawahi kuhitajika. Na maneno yako pia hayahitajiki."

Kananu akayaweka mabegi chini taratibu, akaenda kwa Nzigire, wakanong'onezana. Nzigire akashika mdomo. Kisha wakashikana mikono wakaelekea kwenye meza ya waamuzi.

Wueh! Niliwafuata huku namtukana Kananu kwa sauti, Wazungu wasikie wasisikie. Mchawi! Msaliti! Umenifukuzisha nchi!

Mwamuzi akanyoosha mkono. Nikautoa mpira mfukoni, nikamkabidhi. Kadi ya Nzigire ikapigwa mstari. Mama Gahanna alikuwa pembeni, kafunga mikono kifuani, anatabasamu.

"Basi sasa," mwamuzi akasema, "kwa Buffalo tunahesabu kadi ya mchezaji wa tano."

Hiyo kadi mimi sikuwa nimeiangalia. Siku zote mbona niiangalie?

Sabini na nne.

Na mpira aliupoteza! Kumbe tangu baridi iishe, mazoezi yangu yakiisha, Nzigire na mzee Hyacinthe walikuwa wakibaki naye uwanjani kumfundisha. Kazi yangu hiyo, wao ndio walioifanya.

Tofauti ya 71 na 74 ni tatu. Tulikuwa mbele kwa minne. Tukashinda kwa mkwaju mmoja.

Tabasamu la Mama Gahanna likaanguka, lakini sikupata hata nafasi ya kulifurahia. Nilimkimbilia Kananu mikono wazi, machozi yananitoka.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Usiniguse, Kocha," akasema. Kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha kulelewa na nyanya. "Kila ulichoniambia tangu Agosti nimekielewa. Hata kile cha ng'ombe."

Nikabaki mikono hewani mbele ya watu.

Waamuzi hakuwaambia kwamba nilimwamuru anyamaze. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kazi yangu ilibaki na kibali changu kilibaki, kwa sababu ya mtu niliyemwona mzigo.

Mwezi wa Mei Kananu akaaga, akahama chuo.

Septemba tukaenda kucheza Louisville, kule kule nilikoanzia. Nikamwona Kananu anashuka kwenye gari la Columbus, amevaa rangi zao. Nyuma yake alishuka Mama Gahanna, amebeba begi. Begi la Kananu.

Kananu alinipita bila salamu. Siku hiyo walitushinda kwa mikwaju kumi na mmoja.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mimi nilichomwa nao Columbus miaka miwili, nikalia, nikaapa, halafu nilipopewa timu yangu nikauchukua ule ule nikamchoma mtoto wa watu. Wewe bosi, wewe mwalimu, wewe mama mwenye nyumba unayesoma hapa, una mtu wako wa tano, na unamjua. Nenda kaangalie kadi yake leo. Nukta za baba sasa natia kwenye mipira yangu mwenyewe tu.