Modemu Mpya Kwenye Chumba cha Dale

Msimamizi wa mtihani aliganda kwenye skrini, mdomo wazi. Kisha akapotea kabisa.

Nikabaki jikoni nimeikodolea macho kompyuta, na joto la Januari hapa Kalgoorlie, Australia, linakaanga hadi mawazo.

Ulikuwa mtihani wangu wa uuguzi, na ni mara ya pili mtandao unanikatikia. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukiikosa, unarudi chuo kuanza upya.

Na modemu ilikuwa mpya, wiki haijaisha.

Mume wangu Dale ndiye aliyesema, "Rae, hilo dude la kale. Nunua jingine, utapaa." Yeye anachimba dhahabu zamu ya usiku, mchana analala.

Dukani kijana akanipigia debe. "Dada, hii ni moto wa kuotea mbali. Nyumba nzima itajaa mtandao."

Itajaa wapi? Nilitamani nirudi nimpe vidonge vyake.

Kwanza nikaenda kuizima na kuiwasha. Inakaa chumbani, maana waya wa mtandao unaingilia huko. Nikaingia na simu mkononi, nikaurudishia mlango ili mwanga usimwamshe bwana mkubwa.

Simu ikaanza kulia. Meseji, picha za dada yangu, video, vyote vikashuka kwa mpigo.

Nikatoka, nikafunga mlango. Kimya.

Nikaingia tena. Vikamiminika.

Nikawasha taa. Wachimbaji wengi hapa hubandika foili ya kufungia chakula madirishani wapate kulala mchana. Dale alipitiliza: madirisha, kuta, dari, hadi mlango. Modemu yangu ilikuwa imefungwa humo kama samaki wa kuoka.

"Dale, amka. Hii foili yako ndiyo inazuia mtandao."

Akajigeuza. "Najua."

"Unajua nini?"

"Fundi aliyeleta waya aliniambia. Ningekwambia, ungeibandua. Mimi silali kwenye tanuri."

"Kwa hiyo ukanituma dukani?"

"Nilidhani mpya itakuwa na nguvu ya kupenya, mama."

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kitandani, kinapiga miayo.

Sikubandua hata kipande.

Mtihani wa tatu niliufanyia humo humo chumbani, mlango nimeutia ufunguo. Dale akalala barazani na jua lake, nzi wakimtembelea puani.

Akagonga. "Rae, nipe basi hata feni."

Msimamizi haruhusu mtu kunyanyuka wala kuongea, na siku hiyo niliipenda sana sheria yake.

Nimefaulu. Yeye bado amevimba, eti nilimdhalilisha mbele ya majirani.

Ndugu zangu, modemu mpya haitoboi ukuta. Kabla hujanunua, tazama ile ya zamani imekaa wapi. Na kabla hujamtukana muuzaji, muulize kwanza unayelala naye anajua nini.