Gari Na. 83 la Jeshi la Lukandima

Ukifika Bombambili, mjini Songea, ukauliza kwa Lidwina Mbano, watu watakukodolea macho. Uliza nyumba ya jeshi. Hapo hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole. Ni nyumba ya tofali za kuchoma, mlango wa bluu, na barazani majiko ya mkaa yamepangwa kwa ukubwa, maana mwenye nyumba ni fundi bati na majiko ndiyo yanayomlisha. Lakini majiko utayaona popote. Wewe vua viatu, ingia sebuleni. Ukutani, kuanzia usawa wa goti hadi karibu na dari, limejipanga jeshi zima la nchi ya Lukandima.

Usihangaike kuitafuta Lukandima kwenye ramani, haimo. Ilizaliwa uani kwa mzee Eusebi Mbano, baba yake Lidwina, wakati huo Lidwina ana miaka tisa na magoti yaliyochubuka. Ina vifaru kumi na vinne vya makopo ya maziwa, mizinga yake ni mirija ya kalamu. Ina magari ya deraya, malori ya kubeba askari, mizinga mirefu ya kutungulia ndege iliyotengenezwa kwa spoki za baiskeli, helikopta mbili ambazo panga zake ni mbavu za mwavuli. Magurudumu yote ni ya ndala zilizochakaa. Na kila gari, hata lile dogo la kamanda, limefungwa jembe upande wa kulia na sufuria upande wa kushoto, kila kimoja saizi ya kucha. Mzee Eusebi alisema jeshi lisilolima wala kupika halifiki mbali.

Watu wa mtaani waliuliza sana, hao Walukandima wanapigana na nani? Mzee alijibu kwamba wanapigana na mvua na milima. Wakacheka wakaondoka. Mtu aliyewahi kukwama na lori kwenye utelezi wa masika kule Umatengo hakucheka.

Sasa msimwone mzee kama mtu mzima aliyekuwa akichezea makopo. Eusebi alikuwa dereva wa jeshi, jeshi la kweli, akarudi nyumbani na mguu mmoja usiokunjika. Mguu ule ulikuwa na kisa chake, na alikisimulia mara moja tu. Fundi mmoja wa kikosi chao alijua breki za lori zina hitilafu, akaona aibu kusema mbele ya wakubwa, akajitia hamnazo. Lori likatoka. Kwenye mteremko breki zikagoma. Eusebi alivunjika mguu, na rafiki yake aliyekaa pembeni hakurudi kwao. Basi mzee alipojifunza ufundi bati na kuanza kumfundisha binti yake kutengeneza magari, aliweka sheria moja ya Lukandima, na ole wake aliyeivunja: kosa linasemwa na fundi mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla gari halijapokelewa.

Ukaguzi ulikuwa Jumapili baada ya misa. Gari jipya linapakiwa kilo moja ya mahindi, linavutwa kwa kamba raundi tatu kuzunguka uani, kwenye mawe na mashimo. Kikidondoka kitu, fundi anasimama mbele ya watu wote wa nyumbani, hata wageni kama wapo, anasema "kosa langu", na anataja kosa lenyewe. Kisha linaandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi. Safu ya kwanza namba ya gari, ya pili kosa, na ya mwisho imeachwa kwa ajili ya neno moja: Apokelewe, yaani fundi pamoja na gari lake. Neno hilo haliandiki fundi. Lazima liandikwe na mkono wa mtu mwingine, mtu aliyeona gari likitembea.

Lidwina alikulia hapo. Wenzake walijifunza kuficha sahani iliyovunjika, yeye alijifunza kuitangaza. Shuleni ilimponza mara nyingi tu. Lakini ndiyo iliyomfanya kuwa fundi, kwa sababu mtu asiyeficha kosa analiona mapema. Majiko yake hayavuji majivu, na ndoo zake zinadumu hadi mwenyewe anazichoka. Akina mama kuanzia Namtumbo hadi Tunduru wanaagiza kwake.

Mzee Eusebi alifariki miaka saba iliyopita. Gari la mwisho alilolipokea lilikuwa namba 64. Lidwina hakuacha kutengeneza, angeachaje? Lakini nani angeandika lile neno? Mumewe alishatangulia mbele ya haki, wanawe wako mbali na maisha yao. Majirani wangeandika, ndiyo, wangeandika huku wanakenua meno, na yeye hakutaka hilo. Kwa hiyo magari kuanzia namba 65 aliyapanga kwenye rafu ya peke yake, chini ya dirisha. Makosa yake yote yameandikwa. Safu ya mwisho tupu. Kila alipofagia sebuleni aliyaona yakisubiri, na moyo ukamuuma.

Halafu ikaja habari ya chuo. Chuo kimoja cha ufundi hapo mjini kilikuwa na karakana ya bati na wasichana waliotaka kujifunza, ila mwalimu hakuna. Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe Bombambili, akanunua jiko, akaligeuza juu chini, akasema fundi wa namna hii ndiye anayemtaka. Tatizo ni karatasi. Lidwina hakuwa na cheti hata kimoja, na asiye na cheti hasimami mbele ya wanafunzi. Lakini wapimaji watakuja kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani, akifaulu atapewa cheti. Alete kazi moja ya mikono yake, yenye kukunja, kuunga na kulehemu, na yenye sehemu zinazotembea.

Lidwina alilia siku hiyo, na hakuona haya kulia. Miaka thelathini watu wanamwita mama makopo. Miaka thelathini ana ujuzi kichwani na hakuna wa kumwachia. Akiwa na miaka hamsini na sita, alijua kabisa kwamba nafasi hii ikipita haitarudi.

Alichagua gari la daraja, namba 83. Na kwa kweli lilikuwa gari la kujivunia. Urefu wake ni kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, magurudumu sita, bodi ya debe la mafuta ya kupikia. Mgongoni limebeba daraja lililokunjwa mara tatu. Unazungusha kimkono cha spoki ubavuni, daraja linainuka taratibu, linapita juu ya kichwa cha gari, linajikunjua mbele na kulala juu ya korongo. Alilitengeneza kwa miezi minane, na hakuna mtu aliyemfundisha daraja la namna hiyo.

Basi asubuhi, siku moja kabla ya kupimwa, akapita jirani yake Odilia, muuza vitumbua, mtu mwema ila mdomo wake hauna breki. Akalitazama gari, akaguna. Akasema kitu cha kwenda mbele ya wataalamu hakiwezi kuwa kimefubaa namna hiyo, wataona kimetoka jalalani. Lidwina alitaka kubisha. Lakini na yeye ni binadamu, alitaka jeshi la baba yake ling'ae mbele ya wasomi. Akachukua rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo, akapaka bodi, akapaka daraja, na kwa kunogewa akapaka hadi bawaba. Fundi bati yeyote atakwambia, bawaba haipakwi rangi. Lidwina mwenyewe ameshawafokea watu kwa hilo.

Kesho yake akavaa kitenge chake cha sikukuu, akapanda bodaboda na gari limelala mapajani kama mtoto mchanga, daftari jeusi kwenye mkoba pamoja na kilo ya mahindi. Chuoni alikuta mafundi kumi na wawili kwenye foleni, wanaume tupu. Wa milango, wa vitanda vya chuma, wa matoroli. Walipoona gari la jeshi walianza kuchekeana pembeni, mmoja akauliza kama kuna vita Songea hawajaambiwa. Lidwina akawaambia vita ipo, wasubiri zamu yao. Wakanywea.

Mpimaji mkuu aliitwa Ramson, kijana wa miaka thelathini na kitu, mhandisi aliyehamia kutoka Shinyanga, miwani na shati la kunyooshwa vizuri. Alimwamkia shikamoo kwa heshima, kisha akalitazama gari kwa wasiwasi. Akaeleza kwa upole kwamba walitegemea jiko au kabati, siyo silaha. Lidwina akamjibu kwamba gari hili halipigi mtu, linavusha watu. Ramson akatabasamu, akapanga matofali mawili mezani akaacha pengo katikati, akamwomba avushe.

Lidwina akazungusha kimkono. Daraja likainuka, likafika nusu, likaganda. Akazungusha tena. Likatoa mlio kama panya aliyebanwa, na halikusogea hata kidogo. Rangi ilikuwa imekaukia ndani ya bawaba.

Nyuma mtu akashindwa kujizuia akacheka. Ramson aliuona uso wa Lidwina, akamwonea huruma, akataka kumsitiri. "Labda limeumia njiani, mama? Bodaboda zinarusha sana. Tunaweza kuandika hivyo, ukarudi msimu ujao."

Hapo ndipo penyewe. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na mpimaji mwenyewe. Angesema ndiyo tu, aibu ingemwangukia bodaboda, na nani angejua? Lidwina alifikiria cheti, akafikiria wale wasichana. Halafu akaukumbuka mguu wa baba yake ulivyonyooshwa barazani miaka yote ile, haukunjiki.

Akageuka, akawatazama mafundi wote kumi na wawili.

"Halikuumia njiani. Kosa langu. Nilipaka rangi bawaba ili ling'ae mbele yenu."

Akatoa daftari jeusi kwenye mkoba, akaandika hapo hapo amesimama: namba 83, daraja limekwama nusu, rangi kwenye bawaba. Kisha akaomba mafuta ya taa kidogo, msumari mwembamba na nusu saa. Ramson akatazama saa yake, akatazama foleni, akakubali.

Sasa mngemwona! Akakunja mikono ya blauzi, akakaa sakafuni na kitenge chake cha sikukuu, akang'oa pini za bawaba moja moja, akazikwangua, akazisafisha, akazirudisha. Yule fundi wa vitanda aliyekuwa anauliza habari za vita akaja kumshikia ncha ya daraja bila kuombwa. Dakika ishirini na tano. Akazungusha kimkono. Daraja likainuka, likapita juu, likajikunjua, likalala juu ya pengo kimya kabisa. Akaweka juu yake mfuko wa kilo ya mahindi. Halikupinda.

Ramson alikuwa ameshika daftari jeusi lililoachwa mezani, amezama. Alikuwa amefungua kutoka mwanzo, anasoma magari yote themanini na matatu, kosa kwa kosa. Kifaru, mnyororo umekatika raundi ya pili. Helikopta, panga zimefungwa kinyume. Mzinga wa ndege, risasi ya kulehemu haikushika kwa sababu fundi alikuwa na haraka ya kwenda ngomani. Akarudi ukurasa wa kwanza kabisa, penye mwandiko wa zamani ulioinamia kulia. Akausoma kwa sauti, nadhani bila kukusudia.

"Namba 1, lori. Fundi Lidwina, miaka tisa. Magurudumu yamepinda. Amekubali kosa mwenyewe. Apokelewe jeshini."

Akauliza huyu aliyeandika ni nani. Lidwina akasema ni mkuu wa majeshi ya Lukandima, na ni baba yake. Akauliza tena, kwa nini safu ya mwisho iko tupu tangu namba 65? Lidwina akamweleza sheria. Akamweleza kwamba fundi hajipokei mwenyewe.

Ramson alikuwa na fomu zake mezani, zenye muhuri na visanduku vya kuweka alama ya vema. Aliziweka kando. Akachomoa kalamu mfukoni, akaandika kwanza kwenye daftari jeusi, polepole, kama mtu anayeogopa kuharibu: Amekubali kosa mwenyewe. Apokelewe. Akasaini chini yake. Ndipo akavuta fomu.

Cheti kilitoka baada ya wiki tatu, na Odilia alikipigia vigelegele hadi mtaa wa tatu, kana kwamba rangi haikuwa ushauri wake. Lidwina hakukitundika. Alikikunja akakiweka ndani ya daftari, na gari namba 83 akalipandisha kwenye rafu ya baba yake, kando ya namba 64.

Siku ya kwanza darasani hakubeba jiko. Alibeba gari la deraya namba 65, lililosubiri kwa miaka saba, akaliweka mbele ya wasichana kumi na mmoja. Akawapa kilo ya mahindi na kamba, walivute uani raundi tatu. Raundi ya tatu mlango wa nyuma ukadondoka. Wasichana wakatazamana, hawakujua kama inafaa kumwambia mwalimu. Mwalimu akasimama wima mbele yao.

"Kosa langu," akasema. "Bawaba ya mlango niliiunga kwa pini moja badala ya mbili."

Akaketi, akaweka pini ya pili, akalivuta tena mwenyewe raundi tatu wakimwangalia. Kisha akafungua daftari jeusi penye namba 65, akaongeza kosa hilo, akampa kalamu msichana aliyekaa karibu, Oliva wa Namasakata, akamwonyesha safu ya mwisho.