Sakafu Niliyowapakia Akina Mama wa Kanisa

Naona haya kusema kwamba mimi, mtu mzima mwenye digrii, nilikesha usiku mzima kwa sababu ya sakafu. Niligaagaa kitandani nikijiuliza kama niwapokee wageni juu ya saruji ile ya kijivu yenye mabaka, au niipake polishi nyekundu kama majirani wote, na kama ni kupaka, je, nipake Jumamosi au Jumapili yenyewe?

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na nilikuwa na miezi minne tu Kisumu, nimeajiriwa katika ofisi ya serikali na kupewa nyumba ya vyumba viwili. Kwetu ni Machakos, Kijaluo sikujua hata salamu. Nikifika bombani na ndoo yangu, watu waliokuwa wakicheka walinyamaza, wakanisalimu kwa Kiswahili cha heshima, "Habari yako, Bwana Mutua," kisha kila mmoja akakumbuka ana kazi nyumbani. Hawakuwa na ubaya. Ila kiti changu cha pili kilikuwa hakijawahi kukaliwa na mtu, na jioni nilikuwa nikiongea na redio (naijibu kabisa), mpaka siku moja nikajikuta naiaga kabla ya kwenda kulala.

Ndipo Mama Atieno wa nyumba ya pili akaniambia kwamba akina mama wa kanisa wangekuja Jumapili kuiombea nyumba yangu, kama wanavyomfanyia kila mgeni mtaani.

"Usipike kitu kubwa," akasema. "Chai tu. Na kwako kuwe safi, unajua akina mama."

Kuwe safi! Maneno mawili, nami nikayafikiria siku tatu. Sasa mnielewe, mimi nililelewa katika nyumba ya udongo. Mama yangu alikandika sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kwa kiganja, nene, akichora nusu duara baada ya nusu duara, na aliifanya kazi hiyo asubuhi ile ile ya wageni, kwa sababu sakafu mbichi ndiyo heshima yenyewe: mgeni akiiona anajua umehangaika kwa ajili yake. Polishi sikuwahi kuigusa. Ningeweza kumuuliza Mama Atieno, tulitenganishwa na ukuta tu, lakini nikaogopa atasema msomi gani huyu asiyejua kusafisha nyumba. Basi nikaamua peke yangu: Jumapili asubuhi, nene, kwa kiganja.

Nilimaliza makopo mawili. Vumbi sikulifagia sawasawa, kitambaa cha kusugulia sikuwa nacho (sikujua hata kwamba kinahitajika), na madirisha nikayaacha wazi, kwa hiyo wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakaingia wakanasa, nami nikashinda nikiwadonoa mmoja mmoja kwa ncha ya rula. Lakini ukisimama mlangoni, ilimeremeta!

Walikuja sita, Mama Atieno akiwemo, nguo nyeupe pe, vitambaa vya samawati kichwani. Mbele alikuwa mwenyekiti wao, Mama Peres, mwanamke mwenye mwili na sauti.

"Eh! Bwana Mutua, hii sakafu inang'aa kushinda uso wa bwana harusi!"

Moyo wangu ukajaa. Kisha nikasikia viatu vyao vikinata, nyaa, nyaa, nikajua kuna jambo. Hapo ndipo ningesema. Lakini nikawa napima maneno, niseme "samahani" kwanza au niseme "ngojeni" kwanza, na nikiwa bado napima Mama Peres akasema, "Tupige magoti," na wote sita wakawa chini.

Waliomba kwa Kijaluo, kwa muda mrefu. Katika maneno yote nilielewa jina langu tu, na lilitajwa mara nyingi, na mnaweza kunicheka, lakini machozi yalinilengalenga.

Amina. Wakainuka, na sakafu ikawaachilia kwa shida. Magoti mekundu, pindo nyekundu, viganja vyekundu, na Mama Atieno, aliyekuwa amejifuta jasho, paji la uso jekundu.

"Woi! Nyasaye wangu!" akalia, akimwita Mungu kwa Kijaluo. "Bwana Mutua, hii ulipaka ama ulimwaga?"

Nikakimbilia maji ya chai yaliyokuwa motoni, nikalowesha taulo, nikawapa wasugue (kosa jingine, maana mabaka ya ukubwa wa shilingi yakawa ya ukubwa wa sahani). Mama Peres hakucheka. Alitazama gauni lake akasema polepole, "Nguo ya kanisa." Wakatoka bila chai. Njiani mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye varanda akawapigia kelele, "Akina mama, mmechinja ng'ombe wapi bila kutuita?" Wakaongeza mwendo. Nami nikafunga mlango, nikakaa na vikombe saba.

Siku tatu nilichota maji alfajiri ili nisionane na mtu. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho, nikaichana, nikaiandika tena. Siku hizi polishi naipaka nyembamba, siku mbili kabla, juu ya sakafu iliyofagiliwa, nasugua mpaka kitambaa kitoke kikavu, na jambo nisilolijua nauliza. Lakini wakati ule nilichojua ni kwamba nikihama, mji wa pili utakuwa na kiti cha pili kisichokaliwa vilevile.

Alhamisi nilipotoka kazini nilipita uani kwa Mama Peres. Magauni sita yalikuwa kwenye beseni, bado na magoti ya waridi, na akina mama wawili wakiyasugua.

"Hodi."

Mama Peres akainua uso. "Ni wewe? Unataka nini?"

"Nimekuja kuuliza vile hii rangi inatoka."

Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Mafuta ya taa kwanza, halafu sabuni ya kipande. Lakini inataka mtu mwenye nguvu."

Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati, nikavuta kigoda. Nikaanza na la mwenyekiti.