Mfuko wa Mchanga Usio na Mnunuzi

Saa moja asubuhi, na maji ya ndoo ya saba bado yana rangi ya chai. Mama Siki anayamwaga kwenye mtaro, anajaza mengine, anatumbukiza mkono hadi kiwikoni na kuukoroga mchanga taratibu. Hana haraka. Mchanga, anasema, ukiuharakisha unakudanganya.

"Watu wanaosha mara mbili wanaona umetakata. Uache utulie kwanza, uone utando unavyopanda juu."

Ndoo ya kumi na moja inatoa maji maangavu. Anachota ukufi mmoja, anauanika kwenye sahani juani, na ukishakauka anatoa mfukoni kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya macho. Ndani mna siki. Anadondosha matone matatu, kisha anainamisha sikio juu ya sahani. Kimya. Mchanga umefaulu, ingawa hakuna aliyeuagiza.

Kichupa hicho ndicho kilichompa jina. Kwa miaka kumi na sita mama huyu wa miaka hamsini na mbili alikuwa mchagua mchanga na kokoto katika duka moja la samaki wa mapambo, na hakuna aliyemwita vingine. Binti yake, anayejifunza ushonaji, humtania kwamba siku mchumba atakapokuja kubisha hodi, mama atamdondoshea siki kabla ya kumkaribisha kiti.

Kazi yenyewe wengi huidharau. Mtu ananunua tangi la kioo kwa bei ya kitanda, halafu anataka kulitandika chochote kinachong'aa. Kokoto zenye ncha huwakata sharubu kambare wadogo wanaotafuta chakula chini. Mchanga laini kupita kiasi hushikamana, na uchafu ukaozea ndani yake. Mbaya zaidi ni jiwe lenye chokaa. Hilo huyeyuka polepole, maji yakabadilika, na samaki waliozoea maji laini wakafa mmoja mmoja huku mwenyewe akilaumu chakula.

"Lakini jiwe la chokaa huwezi kulihonga," anasema. "Likionja siki linatoa povu na linalia, shhh, kama mafuta kikaangoni."

Mwaka juzi mwenye duka alileta magunia ya kokoto nyeupe pe, mabaki ya mafundi wa sakafu za marumaru. Alizipata kwa bei ya kutupa. Mama Siki alizidondoshea siki mbele yake, zikalia.

"Akaniambia, hiyo ni hewa tu inatoka. Nikamwambia, bosi, nimezipima kokoto miaka yote hii, hewa naijua. Akasema wateja wanapenda nyeupe, na mteja ni mfalme."

Mfalme wa kwanza kuuziwa alikuwa mwalimu mstaafu. Tangi lake lilianzishwa na marehemu mkewe, na Mama Siki ndiye aliyelitandikia mchanga wa mto miaka tisa kabla, mke huyo akiwa bado hai na kusimamia kila kiganja. Sasa mzee alitaka kulipendezesha kidogo tu. Baada ya wiki tatu alirudi dukani na mfuko wa plastiki. Ndani walikuwamo samaki wawili wa mwisho, wamekufa.

Mwenye duka hakuhangaika kutafuta maneno. Alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya duka. "Mchaguaji wangu ndiye yule. Ameteleza, mwalimu, tusamehe."

Mama Siki alikuwa ameshika chekeche. Kichupa kilikuwa mfukoni mwake, na gunia la kokoto nyeupe hatua mbili kutoka alipokuwa. Akainamisha kichwa.

Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa shule. Mshahara ule mmoja ndio uliolipa karo na pango la vyumba viwili. "Nilijiambia, jina halilipi pango," anasema.

Miezi miwili baadaye aliachishwa kazi. Barua ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulisema amelichafulia duka jina. Barua ya kuchekesha, kama si wewe uliyekabidhiwa.

"Nilinyamaza ili nibaki na kazi. Kazi ikaenda, ukimya nikabaki nao mimi."

Leo anaoshea uani kwake. Wiki ikiwa njema anauza mifuko mitatu, na faida ya mfuko mmoja ni mikate miwili. Duka nalo linaendelea vizuri. Kokoto nyeupe zimewekwa dirishani, na wateja wanazisifia.

Jumapili iliyopita alivaa gauni lake la heshima, akatia kichupa mkobani, akaenda kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

Alipewa kiti. Tangi lilikuwa palepale sebuleni, kavu, kokoto nyeupe zikiwa bado chini na magazeti ya zamani yamepangwa juu yake. Mama Siki aliomba kokoto moja. Akaidondoshea siki kiganjani mwa mzee, ikalia. Kisha akasimulia yote: magunia, povu, maneno ya bosi. Alidhani atatoka pale amejitua mzigo.

Mwalimu aliifuta kokoto kwa leso.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, mwalimu."

"Siku nilipozinunua, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Mfuko nilikufungia mimi."

Mzee aliinuka, akamfungulia mlango. Hakupandisha sauti. "Afadhali ungekuwa umeteleza, mama."

Anayasimulia haya mkono ukiwa bado ndani ya ndoo. Halaumu tena duka. Lililomuuma, anasema, ni kwamba mzee ana haki, na hilo hakuna siki ya kulipima.

Mchanga huu wa leo ni wa tangi lile. Ameuchekecha mara tatu, ameuosha ndoo kumi na moja, ukubwa uleule aliouchagua marehemu. Binti yake anasimama mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Mama, hajauomba. Na samaki wenyewe hawapo."

"Najua hawapo."

Kesho ataupeleka. Hatarajii kukaribishwa kiti safari hii, na akikuta mlango umefungwa ataurudisha nyumbani, aende tena Jumapili nyingine. Anaukunja mdomo wa mfuko, anaukaza kamba, anaujaribu uzito wake begani.

"Asipoutaka mchanga, sawa," anasema. "Lakini zile nyeupe zimo mle bado. Nilizifunga mimi. Aniruhusu tu nikazitoe mimi."