Mavi Yakilala Peke Yake

Mama hapandi mbegu kabla ya kuiuliza ardhi, na anaiuliza kwa mavi. Samahani kwa mnaosoma mkiwa mezani. Jioni anachukua bonge la mavi ya ng'ombe, mabichi, ukubwa wa sahani, analiweka katikati ya shamba lake pale Rapsu, Isiolo. Asubuhi, kabla ya chai, analigeuza. Akikuta chini yake wale dundu weusi wanaosukuma mavi, au mchwa wameanza kujenga, au udongo umetobolewa vishimo na kuchimbuliwa, anasema, "Hayakulala peke yake," na siku hiyo hiyo tunapanda. Akiyakuta kama alivyoyaacha, anarudi nyumbani kungoja. Alifundishwa na mama yake huko juu milimani Meru, ila huko, anasema, ilikuwa kama mchezo tu. Udongo wa kule haukuwahi kusema hapana.

Nilipokuwa mdogo hata huku Rapsu haukusema hapana. Nakumbuka nikigeuza lile bonge mwenyewe, nikipiga kelele dundu wakikimbilia vidole vyangu, mama akinicheka, "Unaogopa wafanyakazi wangu?" Mvua ikinyesha jongoo walijaa njiani mpaka tukawa tunaruka ruka. Ukichimba kidogo tu unakutana na nyungunyungu. Sasa mimi ni fundi wa nguo Chechelesi, mjini, narudi Rapsu wakati wa kupanda tu, na nikichimba natoa vumbi.

Samadi ya shamba letu ilikuwa na mwenyewe. Kuna mama mmoja Mborana wa Biliqo, mbali kule kaskazini, ambaye watu wake walishuka na mifugo kila kiangazi. Mama akishavuna anamwachia mabua, naye analaza ng'ombe wake humo humo shambani mpaka mabua yaishe. Ng'ombe wanashiba, shamba linashiba, hakuna anayemdai mwenzake. Wakaitana mke mwenza, utani tu, maana baba yangu, Mungu amrehemu, alishindwa hata na mke mmoja. Yule wa Biliqo akifika anasimama kando ya ua na kuita, "Salaam aleikum, mke mwenza!" Mama anamjibu kutoka jikoni, "Habari ya huko, umeniletea mavi ama umeleta mdomo tu?"

Basi mambo yakabadilika, na sijui nianzie wapi, maana hayakuja kwa mpangilio. Majirani walifunga mashamba yao kwa seng'enge, njia ya ng'ombe ikaishia kwenye waya. Wakaanza kuchoma mabua badala ya kuyaachia mifugo, wakaleta trekta, wakanyunyizia dawa ya magugu. Siwalaumu sana, kila mtu anatafuta. Halafu mvua ikakataa. Msimu ukapita, mwingine ukapita, na yule mama wa Biliqo akapoteza ng'ombe karibu wote, akabaki na mbuzi. Mvua iliporudi ilirudi na hasira, ikashuka yote kwa pamoja, ikakomba udongo wa juu ikaupeleka lagani, kwenye mto mkavu. Palipobaki ni pagumu, peupe kwa chumvi pembeni mwa mtaro wa maji.

Msimu uliofuata mama aliweka mavi na yakalala peke yake. Akangoja, akaweka mengine. Yakalala peke yake. Alinipigia simu Chechelesi, na sauti yake sikuijua. "Hakuna mtu huko chini," aliniambia. "Wameenda wapi wote?" Mimi niko na suruali ya shule kwenye cherehani, mteja amesimama mlangoni. Niliogopa, na nikamkaripia kwa sababu niliogopa. Nikamwambia ni wadudu tu, mama, watarudi.

Hakukaa kungoja warudi. Alimpigia simu mwenzake. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akamwambia, "njoo na hao mbuzi wako walale kwangu." Mke mwenza akaja, mbuzi wakalala shambani, wakaacha samadi nyeusi kila mahali, na mama akafurahi nusura acheze. Zamu yetu ya maji ilipofika wakafungua mtaro, wakanywesha shamba lote.

Baada ya muda mfupi shamba likawa kijani. Mimi nilifika siku hiyo kutoka mjini, nikashangilia kutoka mbali. Mama alikuwa ameinama katikati ya ule ukijani, hajasimama. Nilipokaribia niliona vijani vyembamba vimepangika kama meno ya kitana, kila hatua, kila mahali, hakuna pa kukanyaga. "Mathenge," mama akasema.

Mtu wa Isiolo haelezwi mathenge, lakini wewe wa mbali nitakueleza. Ni mti wa miiba ulioletwa kutoka nje ili uzuie jangwa, nao ukajifanya mwenye nyumba. Unakunywa maji mpaka ya jirani, chini yake hakuoti kitu, ukiukata unarudi na ndugu zake. Maganda yake ni matamu. Wakati wa njaa, majani yalipokwisha, mbuzi walikula maganda hayo barabarani kote kutoka Biliqo, na mbegu zake haziyeyuki tumboni. Zinatoka zikiwa tayari zimelainishwa, na zimewekewa samadi juu. Tulikuwa tumepanda mathenge kwa mikono yetu wenyewe, tukanywesha na maji.

Mama alimgeukia mwenzake. "Umeniletea nini?"

"Mungu anaona," yule akajibu, "mbuzi imekula ile ilikuwa. Ningeambia yeye nini, afunge Ramadhani?"

Siku nyingine tungeanguka kwa kicheko. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mama aliingia ndani akafunga mlango, na nikamwona yule mama wa Biliqo akifunga leso kiunoni, akapiga magoti, akaanza kung'oa. Mtupa jongoo hutupa na mti wake, na mathenge ndivyo yalivyo, lazima uyatoe na mzizi, ukibakiza kipande umejisumbua bure. Kesho yake mama akatoka, akaanzia upande ule mwingine wa shamba. Waling'oa hivyo kwa wiki nyingi, mmoja huku mmoja kule, bila neno, mpaka wakakutana katikati. Hapo ndipo mama alipomwambia, "Wewe, mgongo wako ni wa zamani kuliko wangu, kaa chini," nikajua wamepatana.

Lakini udongo haukupatana na mtu. Jioni ile mama aliniambia, bila kunitazama, "Msimu ujao nitauliza mara ya mwisho. Yakilala peke yake, nakuja kwako Chechelesi."

Miaka yote nimemwomba hayo. Njoo mama, upumzike, hospitali iko karibu. Sasa ameyasema mwenyewe, na mimi sikuyataka tena. Maana alishawahi kuja, alipotibiwa macho, akakaa wiki. Nyumba yangu ni vyumba viwili katika ploti ya saruji, na nje mwenye ploti amemwaga kokoto. Kila asubuhi mama alibeba maji ya vyombo akayamwaga mahali pale pale kando ya mlango, kwenye kokoto, akasimama akitazama. Siku moja akaniuliza maganda ya viazi tunayatupa wapi. Nikamwambia kwenye mfuko, yanachukuliwa na lori. "Yanapelekwa kwa nani?" akauliza. Nikamwambia hayapelekwi kwa mtu. Nilijua siku hiyo kwamba mama yangu akihamia mjini hatakaa sana, na simaanishi kwamba atarudi shambani.

Basi msimu huu nilifunga cherehani, nikaenda. Mawingu yalikuwepo, lakini siku hizi mawingu ni ya kupita tu. Mke mwenza alikuwa amefika, na safari hii na ng'ombe mmoja, mwembamba, aliyepewa na ndugu zake. Alikuja na mavi kwenye karai, mabichi, akayashusha kwa heshima. "Hii ni ya ng'ombe," akasema. "Nimekaa na yeye mimi mwenyewe, hajaonja mathenge hata moja."

Mama aliyaweka katikati ya shamba jua likizama. Tulikula ugali na mboga, tukaongea habari za bei ya sukari, za harusi ya mtu, za kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa nje. Nilipolala niliomba. Sijawahi kuwaombea wadudu maishani mwangu, lakini niliwaombea, dundu na mchwa na hata siafu, mmoja tu, Mungu wangu, hata kama ni wa kupita njia.

Nilipoamka kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amechuchumaa shambani, ameliinua lile bonge kwa mikono miwili, anatazama chini yake. Alitazama muda mrefu. Kisha akaokota kijiti, akainama zaidi, mkono wake ukafanya kazi ambayo sikuiona vizuri kutoka pale. Akalirudisha bonge polepole, akalipapasa pembeni, akaja.

"Chukua jembe," akasema. "Hayakulala peke yake."

Mke mwenza alikuwa ameshika birika la kutawadhia. Alimtazama mama usoni, halafu akamtazama mikono. "Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kuosha miguu.

Mimi nilitaka kuona wafanyakazi wa mama. Nilipita na jembe begani, nikaligeuza bonge kwa kidole cha mguu. Chini palikuwa bapa kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Vishimo vilikuwepo, ndiyo. Vilikuwa vimesimama wima, vyote unene mmoja, hakuna chembe ya udongo iliyotolewa juu, na kile kijiti kilikuwa kimeachwa hapo kando, ncha yake ina mavi mabichi.

"Umeona?" mama akauliza nyuma yangu. Alikuwa ameshika mbegu kwenye pindo la leso, na macho yake yalikuwa yananisihi.

"Nimeona, mama," nikasema. "Wamerudi."

Nikainua jembe. Liligonga ardhi kwa mlio ule ule wa saruji ya Chechelesi. Mama alidondosha mahindi kwenye mkwaruzo niliouacha, akafukia kwa mguu, akaniambia nisogee mbele.